"HAKUNA ABIRIA": NENO LA RELI LIMEHAMIA KWENYE NDEGE



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja kijana alisimama akauliza swali, na watu wengi wakamcheka. Dada yake alikwenda Ulaya miaka michache iliyopita, na huko anasafisha ndege katika kiwanja cha mji mmoja wa pembeni. Kila mwaka mwezi wa 10 unapoisha huambiwa akae nyumbani mpaka mwezi wa 3 uishe, kwa kuwa ndege kubwa za kwenda Marekani zimeondolewa kwa ajili ya baridi. Dada huyo ndiye anayelipa karo ya wadogo zake hapa kwetu. Karo hudaiwa Januari. Januari hana kazi. Basi kijana akauliza: "Kwa nini ndege hizo hukatwa kila baridi, na sisi tufanye nini?"

Waliocheka walisema, sisi ni watu wa reli, mambo ya eropleni yatuhusu nini? Na mzee mmoja, mtu wa heshima ambaye hatumtukani, alimjibu hivi: "Mwanangu, hakuna abiria. Hakuna abiria, hakuna safari. Hakuna safari, hakuna kazi. Ni hesabu tu."

Sisi tuliokaa viti vya nyuma hatukucheka, na jibu la mzee halikutuingia. Neno hilo la "hakuna abiria" tunalijua sana, tena tunalijua kuliko watu wa ndege.

Baadhi yetu tulifanya kazi katika tawi moja la reli. Hatutaji jina lake wala jina la waliolisimamia, maana hatumshitaki mtu mmoja, tunashitaki desturi. Treni ya abiria ilikuwa ikipita mara 3 kwa juma. Ikapunguzwa, ikawa mara 1. Halafu saa ikabadilishwa, ikawa inafika stesheni usiku wa manane, saa ambayo mama mwenye gunia la viazi na mtoto mgongoni hawezi kutoka nyumbani. Mabehewa mabovu hayakutengenezwa. Taa hakuna, maji hakuna. Mama yule akahamia matatu. Ndipo akaja bwana mmoja na daftari lake, akakaa stesheni siku 2, akahesabu vichwa, akaandika: Hakuna abiria. Tawi likafungwa. Karani wa tiketi, mshika bendera, watu wa genge la njia, na mama aliyeuza chai kwenye jukwaa, wote wakaambiwa kwamba ni hesabu tu. Lakini sisi tuliokuwapo twajua kwamba abiria hawakuikimbia treni. Treni ndiyo iliyowakimbia abiria.

Kwa hiyo tulipomsikia mzee wetu akisema maneno ya bwana yule wa daftari, tuliona imetupasa kuandika. Tumesoma, tumeuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwaka wa ndege una ratiba 2. Ratiba ya joto huanza Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 3. Ratiba ya baridi huanza Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 10. Huko Ulaya na Marekani watu hupenda kuvuka bahari ya Atlantiki kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9, shule zikiwa zimefungwa na jua likiwaka. Novemba ikifika, na tena baada ya Krismasi, abiria hupungua. Jambo hilo ni kweli, na sisi hatutaki kuwadanganya ninyi kwa kulificha.

Tena ni kweli kwamba upungufu huo huuma zaidi katika viwanja vya mikoa kuliko viwanja vya miji mikubwa. Chukueni London, kiwanja cha Heathrow. Kile ni kama stesheni ya Nairobi kwa reli yetu: njia nyingi hukutana pale. Abiria wa kwenda New York hapandi kutoka London peke yake. Mwingine ametoka Ujerumani, mwingine India, mwingine Afrika, wote wakabadilisha ndege pale. Tena kuna watu wa biashara, ambao husafiri Januari sawasawa na Julai, na tiketi zao ni za bei kubwa. Lakini kiwanja cha Belfast, au Glasgow, au Shannon, ni kama stesheni ya tawi. Ndege yake hujazwa na watu wa pale pale: jamaa wanaokwenda kuwaona ndugu zao, watu wa likizo, na watalii kutoka Marekani. Watu hawa huja na jua na kuondoka na jua. Ndiyo sababu Delta iliporudi Shannon kutoka New York mwaka 2024, ilirudi kwa miezi ya joto tu.

Mpaka hapo mzee wetu amesema kweli. Lakini nusu ya kweli si kweli yote. Hebu tufanye hesabu yenyewe, maana sisi pia tulifundishwa kujumlisha na kutoa.

Tuchukue mfano mwepesi, na nambari hizi ni za mfano tu. Ndege ikienda na kurudi mara 1, mafuta, malipo ya kutua na gharama nyingine za njiani ni shilingi 90. Kodi ya ndege yenyewe na bima ni shilingi 40, nazo hulipwa iruke au ilale. Wakati wa joto tiketi zaleta 180. Wakati wa baridi zaleta 110. Sasa tajiri anasema: gharama zangu zote ni 130, tiketi zaleta 110, nimepata hasara, nafunga. Lakini angalieni vizuri. Akiilaza ndege, zile 40 atazilipa vile vile. Akiirusha, hutumia 90 akapata 110, na zile 20 zinazobaki humsaidia kulipa kodi. Kuruka ni nafuu kuliko kulala. Basi kwa nini hukata? Kwa sababu kuna mahali pengine penye jua, visiwa vya Caribbean, au Cape Town, au huku pwani ya kwetu, ambako ndege ile ile baridi ikija italeta 150, na baada ya gharama za njiani zitabaki 60.

Hapo ndipo penye siri ya jambo. Njia nyingi hazikatwi kwa kuwa hazileti kitu. Hukatwa kwa kuwa zaleta 20 na kwingine kwaleta 60. Tajiri ana haki ya kuhesabu hivyo, sisi hatumkatazi. Lakini asimwambie yule dada kwamba hakuna abiria. Amwambie kweli: abiria wako wapo, ila wa kwingine wana faida zaidi, na wewe ndiwe utakayelipa nauli ya kuhama kwangu.

Tena kuna miezi ambayo tiketi hazifikii hata zile 90. Hapo kulaza ndege ni haki, na makampuni hutumia wakati huo kuzipeleka karakana kwa matengenezo makubwa. Sisi watu wa shedi hatuwezi kulaumu jambo hilo. Injini isiyoingia shedi itamwua dreva wake.

Sasa tuje kwa mambo ambayo mabwana wa makampuni hawayasemi.

La kwanza ni nafasi. Katika viwanja vilivyojaa, kama Heathrow, kampuni haiwezi kutua saa yo yote itakayo. Hupewa nafasi ya saa fulani, na sheria husema kwamba lazima itumie angalau asilimia 80 ya nafasi hizo katika majira, la sivyo itanyang'anywa. Nafasi hizo ni mali kubwa. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Oman Air ililipa dola milioni 75 kwa jozi moja ya nafasi za Heathrow. Basi baridi ikija, kampuni yenye safari Heathrow na safari kiwanja cha mkoa itakata wapi? Haitakata Heathrow hata kama ndege ni nusu tupu, maana itapoteza mali. Itakata mkoani, ambako nafasi ni tele, na mwezi wa 3 ukiisha itarudi kama mtu aliyetoka kidogo kununua sigara. Kamba hukatikia pabovu.

Na kama mna shaka, sikieni hili. Mwezi wa 12 mwaka 2021, wakati ule wa ugonjwa wa korona ambapo sheria ya nafasi ilikuwa imelegezwa bila kuondolewa, mkuu wa Lufthansa, Carsten Spohr, alisema kwamba kampuni yake ingelazimika kurusha safari 18,000 zisizo za lazima katika baridi ile, ili isipoteze nafasi zake. Safari 18,000 ambazo yeye mwenyewe asema hazikuhitajika! Wapi sasa lile neno "hakuna abiria, hakuna safari"? Penye nafasi ya kulinda, safari ipo hata bila abiria. Penye mfanya kazi wa kulinda, abiria 100 hawatoshi.

La pili ni upepo. Huko juu kabisa, ambako ndege kubwa hupita, kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi nguvu yake huzidi. Ndege itokayo Ulaya kwenda Marekani hupigana nao uso kwa uso, ikala mafuta na kuchelewa. Ndege kubwa ya Heathrow ina matangi makubwa, huvumilia. Lakini njia za mikoa hupewa ndege nyembamba, za ujia mmoja katikati, kwa kuwa hakuna watu wa kujaza ile kubwa. Ndege hizo zikivuka Atlantiki huwa karibu na mwisho wa nguvu zao. Katika baridi ya mwaka 2011 kuingia 2012 ndege za namna ya Boeing 757 zilizotoka Ulaya zililazimika mara nyingi kutua njiani, upande wa Canada na kwingineko, kutafuta mafuta. Kila kutua ni gharama na abiria wenye hasira. Hii ni sababu ya haki, sababu ya maumbile, na tunaitaja kwa kuwa hatutaki kusema kwamba kila kitu ni hila. Lakini kumbukeni ni nani aliyechagua ndege ile. Si msafishaji.

La tatu ndilo lile lililolifunga tawi letu la reli. Kukata huzaa kukata. Mtu wa biashara wa mkoani akijua kwamba ndege yake haipo tangu Novemba mpaka Machi, hatajizoeza nayo. Atajizoeza kwenda London au Dublin kubadilisha ndege, na akisha jizoeza, hata joto likirudi yeye harudi. Basi mwaka wa pili abiria wenye tiketi za bei kubwa wamepungua zaidi, na baridi ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Baadaye anakuja bwana mwenye daftari.

Mtasema, je, serikali za huko hazikufanya neno? Zilifanya, na yafaa tujue yaliyotokea, maana siku moja na sisi tutaambiwa tufanye hivyo hivyo.

Tazameni Belfast, katika Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2005 kampuni ya Continental ilianza kuruka kutoka Belfast kwenda Newark, mlangoni mwa New York. Baadaye Continental iliungana na United. Uingereza hutoza kodi kwa kila abiria anayeondoka kwa ndege, na kwa safari ya Marekani mwaka 2011 kodi hiyo ilikuwa pauni 60 kwa kiti cha kawaida. Kampuni ikanung'unika. Serikali ikaishusha kodi kwa safari ndefu za Ireland ya Kaskazini, na tangu tarehe 1 Januari 2013 ikawa sifuri kabisa. Kampuni ikanung'unika tena. Mwaka 2016 serikali ya Belfast ikataka kuipa pauni milioni 9 ili isiondoke. Wakubwa wa Umoja wa Ulaya wakasema fedha hizo ni kinyume cha sheria za ushindani. Mwezi wa 1 mwaka 2017, katikati ya baridi, United ikaondoka. Mwaka ule ule ikaja Norwegian na safari za bei nafuu. Mwaka 2018 nayo ikaacha. Basi kodi ilifutwa, milioni zikaahidiwa, na mpakiaji mizigo wa Belfast alibaki vile alivyokuwa. Sheria ilikuwapo ya kukataza fedha zisitolewe. Ya kumlinda yeye haikuonekana.

Sasa tazameni Shannon, magharibi mwa Ireland. Zamani ndege hazikuweza kuvuka Atlantiki bila kutua, na Shannon palikuwa mahali pa kupumzika na kutia mafuta. Duka la kwanza la ndege lisilotoza ushuru, yale yaliyojaa viwanja vyote siku hizi, lilifunguliwa pale mwaka 1947. Injini za ndege zilipopata nguvu za kuvuka moja kwa moja, serikali ya Ireland haikusema, basi, ni hesabu tu. Iliweka sharti: ndege za kati ya Ireland na Marekani zitue Shannon. Kwa miaka mingi sharti hilo lilizileta ndege Shannon, joto na baridi. Watu wa Dublin walilalamika kwamba wanacheleweshwa, nao walikuwa na neno. Lakini mkoa mzima uliishi kwa sharti lile.

Kisha fuateni miaka kwa kidole. Mwaka 2006 kampuni ya taifa, Aer Lingus, iliuzwa kwa wenye hisa. Mwaka 2007 ilitangaza kwamba itaziondoa Shannon zile nafasi zake za Heathrow na kuzipeleka Belfast, na mwezi wa 1 mwaka 2008 safari za Shannon na Heathrow zikakoma. Baadaye tu zikarudi. Na mwezi wa 3 mwaka 2008, mapatano mapya kati ya Ulaya na Marekani yalipoanza, sharti la kutua Shannon likafutwa. Angalieni tena: nafasi alizonyang'anywa mpakiaji wa Shannon zilipelekwa kwa mpakiaji wa Belfast, na mpakiaji wa Belfast naye miaka 9 baadaye akapoteza ndege yake ya Newark. Leo wewe, kesho mimi. Ndege ina magurudumu na mabawa, lakini nyumba ya mfanya kazi haina.

Sasa turudi kwetu, tupate kuwajibu waliocheka.

Watu wa pwani wajua tangu zamani majira ya pepo. Kaskazi ikivuma, majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja Mombasa na Lamu. Kusi ikianza, yakaondoka. Mji ulishiba wakati wa kaskazi na kufunga mkaja wakati wa kusi. Ndege za watalii kutoka Ulaya zimefuata njia ile ile. Baridi inapowapiga wao, Desemba mpaka Machi, ndipo huja Mombasa kutafuta jua. Mvua za masika zikianza, Aprili mpaka Juni, ndege hupungua, na wafanya kazi wa hoteli za Diani na Malindi huambiwa waende likizo bila mshahara. Maneno wanayoambiwa twayajua: hakuna wageni.

Basi elewa ndugu. Ndege iliyomwacha dada yule bila kazi mwezi wa 11 yaweza kuwa ndiyo iliyompa mpakiaji wa Mombasa saa za ziada. Na mwezi wa 4 mambo hugeuka. Tajiri hana baridi wala masika. Yeye huhama na jua. Mwaka mzima yuko katika joto. Baridi yote ameigawa: nusu kwa mfanya kazi wa Ulaya, nusu kwa mfanya kazi wa Pwani. Ndipo tukasema kwamba kicheko kile mkutanoni kilikuwa cha bure. Si mambo ya ndege tu. Ni mambo ya nani abebe majira mabaya.

Na msituambie kwamba haiwezekani kuyabeba kwa namna nyingine. Ilikwisha wezekana. Makuli wa bandari zamani walikuwa vibarua. Neno lenyewe la kibarua latokana na barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu kwa kazi ya siku. Meli ikija, kuna kikaratasi. Meli isipokuja, hakuna kikaratasi wala chakula. Matajiri wa meli walisema maneno yale yale: bahari ina majira, hatuwezi kumlipa mtu wakati hakuna meli. Lakini mwaka 1947 huko Uingereza makuli waliandikishwa kwa sheria, na mtu aliyefika bandarini tayari kwa kazi akakosa meli alilipwa fedha ya kuhudhuria. Mpango huo ulikaa zaidi ya miaka 40, mpaka serikali ikaufuta mwaka 1989. Na mwaka huo huo wa 1947, mwezi wa 1, Mombasa ilisimama: wafanya kazi karibu 15,000, wa bandari na wa reli pamoja, waliacha kazi. Chege Kibachia, aliyewaongoza, alihamishwa na serikali ya wakoloni akafungiwa Baringo. Watu wa reli wa siku zile hawakuwauliza watu wa meli, "Meli zatuhusu nini?"

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya, na twataka yajadiliwe katika kila tawi, tena na ndugu zetu wa vyama vya ndege na vya hoteli.

1. Mshahara wa mwaka mzima. Kampuni inayojua kwamba itafanya kazi nyingi miezi 7 na chache miezi 5 iyakusanye malipo na kuyagawa kwa miezi 12. Saa za ziada za majira mazuri zihesabiwe zilipie majira mabaya.

2. Fedha ya kuhudhuria. Anayeambiwa akae tayari mpaka ndege zirudi hakufukuzwa, amewekwa akiba. Mtambo wa akiba hulipiwa ghala. Mtu je?

3. Habari mapema. Makampuni ya ndege na wenye viwanja hukutana kila mwezi wa 6 kupanga nafasi za baridi ijayo, na kila mwezi wa 11 kupanga za joto lijalo. Basi mwezi wa 6 bwana amekwisha panga baridi yake. Kwa nini msafishaji aambiwe mwezi wa 10? Siku kampuni inapojua, mfanya kazi ajue.

4. Majira ya kulala yawe ya kujifunza. Ndege hupelekwa karakana wakati wa baridi ili itoke nzuri zaidi. Mfanya kazi naye apelekwe kozi kwa mshahara, asirudishwe kijijini.

5. Fedha ya serikali isitoke bila sharti. Kampuni ikipewa nafuu ya kodi ili ilete ndege, au treni, au meli, iandike kwamba itaajiri watu kwa mwaka mzima. Belfast iwe somo letu.

Tena mjue haki mlizo nazo tayari. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au anayepewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi 3, si kibarua tena. Mkataba wake hugeuka, na lazima apewe notisi. Na kifungu cha 40 chasema kwamba anayepunguzwa kazi kwa sababu kazi imekwisha alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Wako wengi wanaorudishwa nyumbani kila Aprili bila kuambiwa maneno haya. Waambieni.

Mzee wetu, sasa twakurudia wewe kwa heshima. Ulisema ni hesabu tu. Sisi hatukatai hesabu. Twasema daftari lina kurasa 2, na bwana alikuonyesha moja. Katika ukurasa ule wa kwanza mmeandikwa mafuta, kodi, bima na tiketi. Katika ule wa pili mmeandikwa karo ya Januari, kodi ya nyumba, na dada aliyekaa dirishani katika baridi akingoja mwezi wa 3 uishe. Hesabu isiyojumlisha kurasa zote 2 haijakwisha, hata ikipigwa muhuri.

Kijana aliyeuliza swali asione haya. Mkutano ujao asimame tena aulize, na safari hii tutakaa viti vya mbele.

Sisi, wafanya kazi wenzenu wa reli.